Banda Moja, Kumbi Tatu

Watu wengi hudhani banda la maonyesho huota lenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Mgeni anaingia ukumbini asubuhi, anakuta kuta nyeupe, taa zinawaka, zulia limenyooka, na binti anayetabasamu akigawa vipeperushi. Haimjii akilini kwamba jana yake pale palikuwa na sakafu tupu, vumbi la mbao, na watu wazima wanagombana juu ya soketi moja ya umeme. Mama Pacha, mjenzi wa mabanda hayo, hakuwalaumu. Kazi yake ilikuwa hiyo hasa, kuwafanya wasijue.

Msimu ule alikuwa amechoka kupita kawaida. Alikwenda kupima sukari, akapima presha, na daktari akamwambia, "Mama, huna ugonjwa wowote. Umechoka tu." Alitoka pale kama mtu aliyetukanwa. Angepewa jina la ugonjwa angejua la kufanya. Uchovu bila jina ulikuwa kama mgeni asiyesema ataondoka lini: analala nawe, anaamka nawe, na chai anataka.

Karakana ilikuwa ya watu wawili, yeye na Baba Pacha, ingawa ndoa yao ilikwisha tangu mabinti wao wakiwa sekondari. Hawakuachana kwa fumanizi wala kwa kofi. Walichokana tu, kama watu wawili wanaopandisha kabati ghorofani, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayemwachia uzito. Siku talaka ilipotoka walirudi karakanani kwa gari moja, kwa sababu kulikuwa na banda la kupaka rangi na mteja alikuwa analisubiri. Wifi yake alishangaa. "Ukimwacha mtu, mwache na msumeno wake," alimwambia. Lakini Mama Pacha alijua kuchora na kupanga, Baba Pacha alijua mbao, na hakuna kati yao aliyekuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Waliendelea kuitana Mama Pacha na Baba Pacha. Majina hayo talaka haikuyafikia.

Mteja wa msimu ule alikuwa kampuni ya pampu za maji. Ofisa Masoko wao, binti mwenye adabu na simu mbili, alikuja karakanani na wazo lake. Alitaka mnara. Pampu ikae chini, isukume maji mpaka kileleni ndani ya bomba linaloonyesha ndani, kisha maji yateremke kwenye ukuta wa buluu na kuingia kwenye beseni. Watu wainue shingo. Na alitaka banda hilo hilo lisimame kwenye maonyesho matatu, katika miji mitatu, moja baada ya jingine.

"Banda moja, kumbi tatu," alisema, kama anayeagiza chai moja na vikombe vitatu.

Baba Pacha alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha alitazama kalenda ukutani. Walikubali, maana hawakuwahi kujifunza kukataa.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa mkongwe, na sakafu yake ilikuwa imelalia upande. Walipojaza beseni, maji yakasogea kona moja kama watu waliosikia habari mbaya. Walilifungua banda, wakasukumia vipande vya plaiwudi chini, wakapima kwa pima maji, wakafungua tena, wakaongeza. Mnara uliposimama sawasawa, Baba Pacha alipanda ngazi kufunga bomba la juu. Katikati ya ngazi akasimama. Alishika pembe za ngazi kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, hapandi wala hashuki.

"Baba Pacha, unasubiri lifti?" Mama Pacha alimpigia kelele kutoka chini.

Vibarua wakacheka. Naye akacheka, akajifuta jasho kwa bega, akaendelea kupanda. Maonyesho yakaenda vizuri, na watu wakainua shingo.

Ukumbi wa pili ulikuwa ndani ya hoteli. Mama Pacha alikuwa amekwenda kuupima mwenyewe kabla ya kuchora, maana hakuamini vipimo vya kutumiwa kwa simu. Lakini alipoingia na lori la mizigo likiwa nje, aliinua macho akakuta dari si ile. Ilikuwa imeshuka. Ilikuwa nzuri, nyeupe, ina mawimbi ya jipsamu na taa ndogo ndogo.

"Tumeboresha," alisema msimamizi wa ukumbi kwa fahari.

"Naona," alisema Mama Pacha. "Mnara wangu hauingii."

"Lakini imependeza, au siyo?"

Mama Pacha alikaa juu ya boksi la taa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Zamani angemshika yule msimamizi kwa maneno mpaka hoteli nzima isikie. Sasa alitazama tu dari ile na kuwaza ingekuwaje kama angelala hapo hapo, juu ya boksi, watu wakaendelea na kazi wakimpita kama nguzo.

Baba Pacha alikuja akasimama mbele yake. "Tukate," alisema.

"Na kule uwanjani? Kule ni hema refu. Wanautaka mrefu."

"Tutauunga. Nitakata kwenye maungio, siyo katikati ya mbao. Nitatengeneza vyuma vya kubana pembe nne. Ukifika kule, ni bolti tu."

Wakaulaza mnara nyuma ya lori, kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni. Mama Pacha akaukalia upande mmoja usitikisike, Baba Pacha akaanza kukata. Alikuwa akikata polepole, anapumzika, anakata tena. Alipofika nusu, msumeno ukanyamaza kabisa.

"Mama Pacha. Nataka kuoa."

"Kuoa nini?" aliuliza, na palepale akajiona mjinga.

"Mke."

Nyuma ya ukuta mtu wa jikoni aliangusha sufuria, akajitukana mwenyewe. Mama Pacha aligundua kwamba bado anaushikilia mnara kwa nguvu, ingawa haukuwa unaelekea popote.

"Namjua?"

"Humjui. Ni muuguzi."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Kifua kidogo. Ilipita." Alifuta unga wa mbao kwenye mstari wa penseli. "Nilitaka usikie kwangu, siyo kwa watu."

"Wanangu wanajua?"

Baba Pacha aliinamia msumeno, na hilo likawa jibu.

"Hongera," alisema Mama Pacha. "Angalia kushoto hapo, umetoka kwenye mstari."

Mnara mfupi uliingia ukumbini vizuri. Ofisa Masoko aliupiga picha akasema hata yeye asingejua. Mchana ulipotulia, Mama Pacha alikwenda kwenye maegesho ya magari akampigia simu binti yake mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kuzaliwa kwa dakika chache na tangu hapo hakuacha kumtawala.

"Mama, tulidhani baba ameshakwambia," alisema binti.

"Mmeshamwona?"

"Mara mbili tatu. Ni mtu mzuri, mama."

"Sijauliza kama ni mbaya."

"Mama, umekasirika?"

Alitafuta hasira ndani yake kama mtu anavyotafuta funguo kwenye mkoba, akipapasa kila kona. Hakuipata. Wivu nao haukuwapo, au kama ulikuwapo ulikuwa umesinzia. Alichokikuta ni kitu kingine, kidogo na cha aibu: mwenzake alikuwa amepata pa kuegesha kichwa, na yeye alikuwa bado amesimama.

"Nimechoka tu," alimwambia binti.

"Kila siku unasema hivyo."

"Kila siku ni kweli."

Maonyesho ya hotelini yalipokwisha, walibomoa. Kubomoa ni haraka kuliko kujenga, na watu wakiwa na hamu ya kuondoka huwa haraka zaidi. Vibarua walibeba kuta, fundi umeme alikunja nyaya zake, na Mama Pacha, kama kawaida, alishughulika mwenyewe na vitu vidogo: skrubu, bawaba, taa, na sanduku la vile vyuma vya kuunganishia mnara. Vitu vidogo hakumwachia mtu. Alikuwa akisema ukuta ukipotea unauona umepotea, lakini skrubu hupotea kimya kimya kama mkwe aliyekasirika.

Mji wa tatu ulikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa lori. Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja wa wazi, ndani ya hema kubwa lenye paa la turubai lililokuwa likipiga makofi kila upepo ulipopita. Walishusha mizigo, wakatandika sakafu, wakasimamisha kuta. Ikafika zamu ya mnara. Baba Pacha akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nipe vyuma."

Mama Pacha alikwenda kwenye mizigo. Akafungua boksi la kwanza, la pili, akafungua hata maboksi aliyojua hayana kitu. Akapanda juu ya lori na kutambaa chini ya turubai. Aliposhuka, magoti yake yalikuwa meusi. Alipiga simu hotelini.

"Ndiyo, mama, sanduku lipo," alisema yule msimamizi wa dari nzuri. "Liko nyuma ya mapazia, salama kabisa. Hakuna aliyeligusa."

Akarudi mpaka pale mnara ulipolala vipande viwili. Miaka yote aliyofanya kazi hiyo hakuwahi kuacha nyuma hata bisibisi. Vibarua walikuwa wamesimama wanamtazama, na dereva alikuwa ameshaanza kusema kwamba yeye kazi yake ni usukani.

"Nimesahau mimi," alisema. "Vyuma vimebaki hotelini."

Alingoja Baba Pacha aseme kitu. Zamani, walipokuwa mume na mke, kosa kama hilo lingewalisha wiki nzima. Lakini Baba Pacha alivuta pumzi, akasema, "Basi, hapa mjini hapakosi mtu wa kuchomelea. Twende tukamtafute."

Walimpata nyuma ya gereji moja, mzee mwenye miwani nyeusi aliyekuwa akirekebisha geti. Baba Pacha alimchorea sakafuni kwa kipande cha chaki. Mzee akakata vyuma vya pembe, akatoboa matundu, akaviponda mpaka vikakaa sawa. Vilikuwa na sura mbaya, lakini vilishika. Walirudi uwanjani alasiri, upepo ukiwa umeongezeka. Ufunguzi ulikuwa kesho yake asubuhi, na Ofisa Masoko alikuwa akizunguka na simu zake mbili, anamwambia kila mtu asiwe na wasiwasi kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi.

Walisimamisha kipande cha chini. Cha juu wakakipandisha kwa kamba, vibarua wanne wakivuta. Baba Pacha akatia bolti mdomoni, akashika spana, akapanda ngazi.

Hapo ndipo Mama Pacha alipomwona yule mwanamke. Alikuwa amesimama nje ya kamba ya kuzuia watu, mfupi, viatu vya raba, mkoba mdogo begani, sura ya mtu aliyeshuka basi sasa hivi.

"Dada, maonyesho ni kesho," Mama Pacha alimwambia. "Leo bado tunajenga."

"Najua. Samahani, dada. Wewe ndiye Mama Pacha?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni..." Alisita, akitafuta neno la kujiita. Hakulipata, akafungua mkoba, akatoa vidonge kwenye mfuko wa karatasi. "Ameacha dawa zake mezani. Simu hapokei. Jana usiku nilikuwa natoka zamu, nikasema nipande basi nimletee."

Mama Pacha alizitazama zile dawa. "Alisema kifua kilipita."

"Kifua?" Muuguzi alikunja uso. "Dada, ni moyo. Alilazwa. Ndipo tulipofahamiana, wodini. Daktari alimkataza kubeba vizito, akamkataza kupanda. Aliniambia unajua. Aliniambia umemtoa kwenye ngazi, siku hizi anasimamia tu, anakaa chini na kuelekeza."

Wote wawili waliinua macho. Baba Pacha alikuwa kileleni, mwili umeinama nje ya ngazi, mkono mmoja umekumbatia mnara na mwingine unazungusha spana. Upepo ulipiga turubai, na ngazi ikasogea kidogo kwenye sakafu ya mbao.

Mama Pacha aliona tena ukumbi wa kwanza, mtu ameinamisha kichwa katikati ya ngazi, na akasikia sauti yake mwenyewe ikimuuliza kuhusu lifti. Aliona msumeno unaopumzika. Alikuwa ameona yote hayo kwa macho yake, na aliyaona kama uvivu.

"Baba Pacha, shuka."

"Bado bolti mbili," alijibu kwa meno yaliyobana bolti hizo hizo.

"Shuka, nimesema."

Akageuka kugomba, ndipo akamwona muuguzi. Spana ikasimama. Akashuka taratibu, kipandio kwa kipandio, na alipofika chini aliushikilia ule mnara kama mtu anayesalimiana nao.

"Mmeniitia kikao?" aliuliza.

"Kunywa dawa kwanza," alisema muuguzi.

"Nitakunywa. Nikimaliza."

"Umemaliza," alisema Mama Pacha. "Kupanda umemaliza. Leo na kesho na mwakani."

Hapo Baba Pacha alikasirika kweli. Alisema kwamba yeye hajajenga mabanda nusu ya umri wake ili aje awekwe kwenye kiti kama mkwe mgonjwa. "Mkinitoa kwenye ngazi, mimi ni nani? Fundi wa kunyooshea watu kidole?"

"Afadhali fundi wa kitini kuliko marehemu hodari."

Kibarua mmoja alicheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Baba Pacha aliweka spana na zile bolti mbili sakafuni. Akakaa juu ya boksi. Sura yake ilikuwa ya kijivu, na Mama Pacha alishangaa ni tangu lini.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Ningekwambia lini? Kila nikikutazama naona mtu anayetembea kwa kujikokota. Nikasema, huyu nikimwongezea hili atakaa chini asiinuke. Basi nikasubiri msimu uishe."

"Na yeye ukamdanganya kwamba najua."

"Kidogo."

"Uongo hauna kidogo," alisema muuguzi, akampa chupa ya maji na vidonge. Baba Pacha akavimeza mbele yao kama mtoto, akakunja uso ili ijulikane kwamba hakupenda.

Kipande cha juu cha mnara kilikuwa bado kimening'inia kwa kamba upande mmoja. Fundi umeme aliogopa urefu, jambo lililojulikana na watu wote. Vibarua walikuwa wa kukodiwa siku hiyo, na Mama Pacha hakutaka kumpandisha mtoto wa mtu kwenye upepo ule. Alijifunga shati kiunoni, akachukua spana na zile bolti mbili, akaanza kupanda.

"Wewe! Umepanda lini mara ya mwisho?" Baba Pacha alisimama.

"Kaa chini. Elekeza. Si ndiyo kazi yako mpya?"

Muuguzi alikuja akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaweka raba zake kwenye miguu ya ngazi. Mama Pacha alimtazama mara moja kutoka juu, akaona utosi wa nywele uliochanwa kwa haraka, nywele za mtu aliyetoka zamu na kukimbilia kituo cha basi. Akaendelea kupanda.

"Ya kulia kwanza," Baba Pacha alipaza sauti. "Siyo hiyo, kulia ya kwangu!"

"Ya kwako ni kushoto kwangu!"

"Basi kushoto! Usikaze mpaka mwisho, iache ipumue. Sasa nyingine. Sasa kaza zote mbili, moja moja, kwa zamu."

Bolti ziliingia. Alipokaza ya mwisho alibaki pale juu kidogo, amelaza shavu kwenye plaiwudi. Kutoka pale aliuona uwanja mzima: mabanda yaliyosimama nusu, watu wenye futi kamba, mwanamke anayegombana na simu yake, mwanamume amelala fofofo juu ya zulia lililokunjwa. Alimwonea wivu yule mwanamume kuliko alivyomwonea wivu mtu yeyote msimu ule.

Jua lilikuwa bado halijazama walipowasha pampu. Maji yalipanda ndani ya bomba yakisukuma mapovu mbele yake, yakafika kwenye maungio, yakapita bila kuvuja, yakafika kileleni na kuteremka kwenye ukuta wa buluu. Ofisa Masoko alipiga makofi peke yake.

"Mama, mwakani tunawaza kumbi tano," alisema, macho yanang'aa. "Inawezekana?"

"Hapana," alisema Mama Pacha.

Binti alingoja maelezo. Mama Pacha naye aligundua kwamba alikuwa anangoja maelezo, na hayakuja.

"Basi hata nne?"

"Kumbi mbili, mwanangu. Na katikati yake tupumzike."

Ofisa Masoko alishusha simu zake zote mbili, akasema atawaeleza wakubwa. Baadaye wakubwa walikubali kumbi mbili, na wala dunia haikupasuka.

Baada ya msimu huo karakana iliajiri fundi mwingine wa juu, mwanamke mrefu aliyetoka kwenye kazi ya kufunga antena, asiyeogopa urefu wala maneno ya Baba Pacha. Baba Pacha alimnunia mwezi mzima. Kisha akaanza kumfundisha, kwa sababu hakuweza kumtazama mtu akikaza bolti vibaya na kunyamaza. Alikaa kwenye kiti chini ya ngazi akipiga kelele za kulia na kushoto, na walipokuwa wanamaliza alikuwa amekauka koo kuliko aliyepanda.

Harusi ilifungwa miezi michache baadaye, ndogo, kwenye ukumbi wa mtaani. Mama Pacha aliulizwa kama angependa kupamba jukwaa. Alisema angependa kualikwa. Akaja na gauni jipya, akakaa katikati ya mabinti zake, akala. Hotuba zilipoanza, mjomba wa bwana harusi alishika kipaza sauti na hakuonyesha dalili ya kukiachia. Mahali fulani kati ya nasaha za subira na nasaha za uvumilivu, kichwa cha Mama Pacha kilielea, kikateremka, kikatua kwenye bega la binti yake mdogo.

"Mama," alinong'ona binti. "Mama, watu wanatazama."

"Mwache," alisema mkubwa wake, akavua mtandio wake na kumfunika mama yao mabega.

Muziki ulipigwa, vigelegele vikapigwa, bwana na bibi harusi wakapita meza kwa meza. Walipofika kwao, muuguzi aliweka kidole mdomoni, akamshika mumewe mkono, wakapita polepole kwa ncha za vidole kwenda meza ya pili.